Salum Mayanga, Sumbawanga na Neno "Kaimu"

Tarehe 22 Oktoba 2020, katika Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga, Tanzania Prisons iliifunga Simba bao 1-0 kwa mguso wa Samson Mbangula. Simba ilikuwa bingwa mtetezi, na mwisho wa msimu iliutwaa ubingwa tena. Desturi yetu, hasa sisi tunaotazama nchi kutoka Dar es Salaam, ni kuuliza Simba ilipatwa na nini siku ile. Mwanahistoria hana budi kuuliza ni nani aliyekuwa kwenye benchi la upande wa pili.

Alikuwa Salum Mayanga. Ni zao la Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, timu ya kiwanda cha sukari iliyotwaa ubingwa wa Bara mwaka 1999 na 2000. Aliichezea, kisha akaifundisha. Baadaye alikuwa msaidizi wa Mholanzi Mart Nooij katika Taifa Stars, na Januari 2017, Charles Boniface Mkwasa alipoondoka, yeye akapewa timu ya taifa kama kaimu kocha mkuu.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kaimu hubeba lawama zote za cheo bila kupewa muda wa cheo. Hata hivyo, Julai 2017 Mayanga aliipeleka Stars katika Kombe la COSAFA kama timu mwalikwa, ikawatoa wenyeji Afrika Kusini kwa bao 1-0 katika robo fainali na kurudi na nafasi ya tatu. Machi 2018 iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2-0 jijini Dar es Salaam. Agosti mwaka huohuo kiti akapewa Emmanuel Amunike wa Nigeria.

Haki inadai niseme na upande wa pili. Chini ya Mayanga tulitoka sare ya 1-1 na Lesotho nyumbani katika kufuzu AFCON, na Amunike ndiye aliyetufikisha fainali za 2019, za kwanza tangu 1980. Sidai kwamba mzawa ni bora kwa kuwa ni mzawa. Ninachohoji ni masharti: mmoja hupewa mradi, mwingine hupewa nafasi ya kushikilia hadi mwenye mradi apatikane. Hemed Suleiman "Morocco" naye alianza kwa ukaimu wakati wa fainali zilizochezwa Januari 2024, akatufuzisha kwa kuifunga Guinea 1-0 Novemba mwaka huo, kisha akaondolewa kabla ya fainali alizozifuzu.

Turudi Ufipa. Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza yenye makao yake Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga, na msimu ule ilihamishia huko michezo yake ya nyumbani. Kwa hiyo Rukwa, mkoa ulioanzishwa mwaka 1974, ilipata Ligi Kuu kwa kuazima timu ya jirani. Hata kuazima huko kusingekuwa rahisi kabla ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa kwa fedha za Changamoto za Milenia za Marekani. Kabla ya hapo, hiyo ilikuwa safari ya vumbi au tope kutegemea mwezi. Wanaoandika historia ya soka letu bila kuandika historia ya barabara hunishangaza sana.

Ndivyo mwalimu aliyeondolewa kwenye kiti cha taifa alivyokutana na mji ambao ligi ilikuwa haijauzoea, kwenye uwanda ulio mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Safari hii hakuwa kaimu. Tarehe 31 Desemba 2020 Yanga nayo ilipanda Sumbawanga, ikaondoka na sare ya 1-1.