Hazina Mbili, Mwaka Mmoja: Waliokaa Kimya Walifungwa, Aliyepiga Simu Alisaidia Kuandika Historia Upya

Juni 2015, jamaa wawili kutoka Wales waliingia kwenye shamba moja karibu na mji wa Leominster, magharibi mwa Uingereza. Hawakwenda kulima. Walikuwa na detekta, ile mashine ya fimbo ndefu yenye sahani chini, ambayo inapiga mlio ikipita juu ya chuma, fedha au dhahabu iliyofukiwa. Ilikuwa hobi yao, kama wengine wanavyokwenda kuvua samaki wikiendi.

Siku hiyo mlio haukuwa wa msumari wala kizibo cha soda. Chini ya udongo kulikuwa na pete ya dhahabu, bangili nzito ya dhahabu yenye kichwa cha mnyama, kidani chenye tufe la kioo cha asili, kipande cha fedha iliyoyeyushwa, na sarafu zinazokadiriwa kufika 300. Mzigo wote ulikuwa umelala pale zaidi ya miaka 1,100.

Oktoba mwaka huohuo, upande mwingine wa nchi, mstaafu mmoja alikuwa na detekta yake kwenye shamba huko Watlington, mkoa wa Oxfordshire. Naye mashine ikapiga mlio. Naye akachimba, akaona fedha.

Hazina hizi mbili zilifukiwa karibu kipindi kimoja, na zote zilikuwa na sarafu za wafalme walewale. Kilichozitofautisha ni kile ambacho wenye detekta walifanya baada ya mlio.

Mashine ya vita iliyogeuka mchezo

Kabla ya kufika mahakamani, ijulikane kwanza hobi hii ilitoka wapi.

Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua risasi imekwama wapi mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaleta kifaa cha umeme cha kuitafuta. Hakikufanikiwa, na rais akafariki. Lakini wazo lilishaingia duniani: mkondo wa umeme ukizungushwa kwenye waya unatengeneza nguvu ya sumaku, na chuma kilichojificha kikiguswa na nguvu hiyo kinajibu. Kazi ya mashine ni kulisikia jibu.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoikomaza. Maafisa wa jeshi la Poland waliokuwa uhamishoni Uingereza walitengeneza mashine ambayo askari mmoja angeweza kuibeba mkononi akitafuta mabomu ya ardhini. Mwaka 1942 ilitumika El Alamein, Misri, kusafisha njia kwenye jangwa lililojaa mabomu. Vita vilipoisha, raia nao wakaanza kutembea na mashine za aina hiyo mashambani, na badala ya mabomu wakawa wanatafuta sarafu, pete na vifungo vya zamani.

Ukweli wa hobi yenyewe hauko kama kwenye sinema. Siku nyingi mtu anarudi nyumbani na misumari, risasi kuukuu na vipande vya makopo. Kuna watu wamepita mashambani miaka 20 bila kuona dhahabu hata ya kutilia shaka.

Mzee aliyekwenda kutafuta nyundo

Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake, mzee aliyestaafu kazi ya bustani, aje na detekta amsaidie kuitafuta. Mzee akaja, mashine ikalia, na badala ya nyundo wakaibuka na vijiko vya fedha, mikufu ya dhahabu na sarafu za Kirumi.

Alichofanya baadaye ndicho kinachofanya jina la kijiji hicho litajwe mpaka leo. Aliacha kuchimba. Taarifa ikapelekwa polisi na kwa wataalamu wa mambo ya kale, nao wakaja kesho yake na kulichimbua eneo lote kwa utaratibu. Kwa kuwa kila kitu kilikuwa bado mahali pake, wataalamu waliweza kujua kwamba mali ile iliwekwa ndani ya sanduku la mbao. Mbao zenyewe zilikuwa zimeoza, lakini mpangilio ulibaki: vijiko huku, vito kule, na hata vikufuli vidogo vya fedha.

Walihesabu sarafu zaidi ya 14,000. Mzee akalipwa pauni milioni 1.75, akagawana na rafiki yake mkulima. Na nyundo? Ilipatikana pia. Iko British Museum, London, pamoja na dhahabu.

Baada ya hapo sheria nayo ikabadilika. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika 1997, inamtaka anayeokota hazina aitolee taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho ikiitaka, inalipa bei iliyopendekezwa na kamati huru, na kwa kawaida pesa hiyo hugawanywa kati ya aliyeokota na mwenye shamba. Kwa maneno mengine, ukisema ukweli hupotezi kitu, unaondoka na mkwanja halali.

Wawili walionyamaza

Jamaa wa Leominster waliijua sheria hii. Walikuwa wazoefu. Lakini mwenye shamba hawakumwambia, na sarafu wakaanza kuzitafutia wateja kimyakimya.

Uvumi haufukiki. Habari za hazina kubwa ya sarafu zikaanza kuzunguka kwa wapenzi wa detekta mpaka zikamfikia mtaalamu wa serikali anayepokea taarifa za vitu vilivyookotwa. Wiki kadhaa baadaye jamaa wakasalimisha vile vito vya dhahabu, lakini hazina ya sarafu wakaikana.

Kumbe walishajipiga picha wenyewe. Walikuwa wamepiga picha mzigo kwa simu, halafu wakazifuta. Polisi walipochukua simu, wataalamu wao wakazirudisha, na sarafu zikaonekana wazi. Kila mwenye simu janja ajifunze hapo: kufuta siyo kupoteza.

Novemba 2019 mahakama ya Worcester ikawahukumu, mmoja miaka 10, mwingine miaka minane na nusu. Adhabu hizo zilipunguzwa baadaye kwenye rufaa. Mfanyabiashara wa sarafu aliyewasaidia naye alifungwa. Thamani ya mzigo wote ilikadiriwa kuwa kati ya pauni milioni 3 na 12. Wangetoa taarifa ndani ya zile siku 14, wangekuwa matajiri halali. Mtaka yote hukosa yote.

Kilichoibiwa hasa

Lakini hasara kubwa haikuwa pesa, na hapa ndipo mstaafu wa Watlington anaporudi kwenye stori.

Karne ya 9, Uingereza haikuwa nchi moja. Kusini kulikuwa na Wessex ya Mfalme Alfred, katikati kulikuwa na Mercia ya Mfalme Ceolwulf wa Pili, na majeshi ya Waviking yalikuwa yanazimeza falme moja baada ya nyingine. Mwaka 878 Alfred aliwapiga Waviking kwenye vita vya Edington, na tangu hapo anaimbwa kama shujaa aliyeiokoa nchi. Ceolwulf je? Maandishi ya zama hizo yalimchora kama mjinga tu, kibaraka aliyewekwa na Waviking. Baada ya mwaka 879 anatoweka kabisa. Ila maandishi hayo yalitoka upande wa Alfred, na ufalme wa Ceolwulf ndio ambao Alfred aliishia kuutawala.

Sasa zitazame sarafu. Katika hazina zote mbili kulikuwa na sarafu adimu sana zinazoonyesha watawala wawili wamekaa bega kwa bega. Mchoro huohuo ulitolewa kwa jina la Alfred na kwa jina la Ceolwulf. Pesa ya pamoja haitengenezwi na watu wasioheshimiana. Inaonyesha wafalme wawili waliokuwa washirika, halafu mmoja akaja kufutwa kwenye simulizi. Kama vile rafiki anayekatwa kwenye picha ya pamoja mwenzake alipopata umaarufu.

Kabla ya 2015 sarafu za aina hii zilihesabika kwa vidole. Hazina ya Watlington peke yake ilikuwa nazo 13. Na zilieleweka vizuri kwa sababu yule mstaafu, alipoona fedha, aliita mtaalamu. Mzigo ukatolewa na bonge lake la udongo, ukapelekwa London na kufunguliwa polepole maabara. Ilijulikana kipi kilikaa na kipi. Mwaka 2017 makumbusho ya Ashmolean, Oxford, iliinunua kwa pauni milioni 1.35, na leo mtu yeyote anaweza kwenda kuiona.

Ya Leominster je? Kati ya sarafu zinazokadiriwa 300, zilizopatikana ni thelathini na kitu. Nyingine ziliingia mitaani. Mwaka 2023 wanaume wengine wawili walihukumiwa huko Durham kwa kujaribu kuuza sarafu 44 za zama za Alfred, zikahusishwa na hazina hiyohiyo. Zilizobaki huenda zimelala kwenye droo za watu. Hata zikipatikana kesho, zitakuja bila sanduku lake, bila majirani zake na bila mpangilio wake. Sarafu ikishang'olewa kienyeji, inabaki kuwa fedha ya kupimwa kwenye mizani, na ushahidi wake unabaki kwenye shimo lililofukiwa harakaharaka.

Ceolwulf alishaibiwa jina lake mara moja, na waandishi wa upande wa Alfred. Mwaka 2015 sarafu zake zilitoka ardhini mara mbili kumtetea. Mara ya kwanza, mashahidi wake wengi waliuzwa kabla hawajasikilizwa. Mara ya pili, mstaafu mmoja alipiga simu.

Ungekuwa wewe umeshika koleo, jioni inaingia, hakuna anayekuona, na mashine imelia. Ungepiga simu, au ungezima na mashine kabisa?