Turbo Mwezi Huu, Breki Mwezi Ujao

Wiki tatu zilizopita beste yangu alinipigia simu saa tano usiku, akiwa na furaha ya mtu ameokota pesa kwa barabara. Injini imeingia. Starlet yake ya kawaida, ile ya kina mwalimu wa miaka ya tisini, sasa iko na injini ya 4E-FTE: lita 1.3, turbo, nguvu za farasi 135 zikitoka kiwandani, na fundi ameahidi kuongeza zingine. Viti vya nyuma ametoa. Karpeti ametoa. Tairi ya spea, jeki, hata plastiki za milango, zote ziko kwa stoo ya mamake.

Nikamuuliza swali moja tu: "Na breki?"

Akanyamaza kidogo. "Hizo tutapanga mwezi ujao."

Wasee, leo naandika kuhusu huo mwezi ujao.

Sikumaliza uni, na hata ningemaliza sikuwa nasomea uinjinia, so usinichukulie kama fundi. Lakini historia ya gari ndogo kali nimeikesha usiku mwingi kuliko nilivyowahi kukesha na CAT yoyote. Na kitu nimeona ni hiki: sisi huku Nairobi tumeisoma hiyo historia nusu. Tumeshika ukurasa wa "punguza uzito, ongeza nguvu" tukaurarua, tukaenda nao kwa fundi. Ule ukurasa wa pili tukauacha kwa kitabu.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1956, Misri inataifisha mfereji wa Suez, vita inatokea, mafuta yanakuwa shida Uingereza mpaka yanagawiwa kwa kipimo. Kampuni ya BMC inamwambia mhandisi wake, Alec Issigonis, atengeneze gari dogo linalokunywa mafuta kidogo. Agosti 1959 Mini inatoka. Injini ya cc 848, imelazwa kiubavu ili isile nafasi, farasi 34 pekee, uzito kama kilo 600. Hiyo haikuwa gari ya mbio. Ilikuwa gari ya kwenda sokoni.

Halafu anakuja John Cooper. Huyu alikuwa anaunda magari ya Formula 1, na magari yake ndiyo yalishinda ubingwa wa dunia 1959 na 1960. Cooper anaiangalia Mini na kuona kitu wengine hawakuona: kigari chepesi, magurudumu yako pembeni kabisa, kinakata kona kama mbuzi. Issigonis mwenyewe hakuwa na haja na Mini ya mbio. Cooper akapanda ngazi, akaongea na mkubwa wa kampuni, George Harriman, na mwaka wa 1961 Mini Cooper ikazaliwa. Injini ikapanda hadi cc 997 na farasi 55.

Sasa hapa ndio nataka usome polepole. Siku ileile injini ilipanda, breki za mbele nazo zilibadilishwa. Mini ya kawaida ilikuwa na breki za dramu. Cooper ikapewa diski, za inchi 7 tu, kwa sababu gurudumu lenyewe lilikuwa la inchi 10 na kubwa zaidi haingetoshea. Zilikuwa ndogo kama sahani ya chai, lakini zilikuwepo kutoka siku ya kwanza. Hakuna aliyesema mwezi ujao. Miaka mitatu baadaye, 1964, Paddy Hopkirk akashinda Monte Carlo Rally na Mini Cooper S, mbele ya magari yenye injini kubwa mara kadhaa.

Mini haikuwa hachibeki lakini, ilikuwa na buti ya kawaida. Hachibeki ni ile gari fupi ambayo mlango wa nyuma unafunguka na kioo chake kwenda juu, kama Vitz, Demio, Fit, Golf. Gari ambayo kila mtaa wa Nairobi iko nazo ishirini. Na ile iliyowafanya watu waanze kuziheshimu ni Golf.

Stori ya Golf GTI naipenda juu ilianza kama mchezo wa mbogi. Katikati ya miaka ya sabini, watu wachache ndani ya Volkswagen wanafanya kazi kando ya kazi yao rasmi, wanataka Golf yenye moto. Wakubwa hawana haraka nayo. Septemba 1975 inaonyeshwa Frankfurt, na 1976 inaanza kuuzwa. Lita 1.6, farasi 110, uzito karibu kilo 810. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000 pekee. Toleo hilo la kwanza liliishia kuuza zaidi ya 460,000. Ukienda kuangalia walichobadilisha, unakuta hawakugusa injini peke yake. Gari ilishushwa kidogo, vyuma vya kuzuia isilale kwenye kona vikaongezwa, na diski za mbele zikawa zile zenye nafasi ya hewa katikati ili zipoe haraka. Ilikuwa kifurushi kimoja.

Wafaransa wakaja na wazimu wao. Mwaka wa 1980 Renault walichukua Renault 5, gari ya kubebea mboga, wakatoa viti vya nyuma na hapo wakaweka injini yenye turbo. Farasi 160 zinasukuma magurudumu ya nyuma, gari haifiki hata tani moja. Paa na milango ya zile za kwanza ilikuwa aluminiamu. Mwaka uliofuata, 1981, Jean Ragnotti akashinda nayo Monte Carlo. Najua unafikiria nini: si hata wao walitoa viti vya nyuma? Walitoa. Lakini walibadilisha pia sehemu yote ya nyuma, saspensheni, upana wa matairi, na breki. Gari ilitengenezwa upya, na jina ndilo lilibaki la zamani.

Tufanye hesabu ndogo, juu hapa ndio ugonjwa wetu wote uko. Chukua farasi, gawanya kwa tani. Golf GTI ya kwanza inakupa kama 136 kwa tani. Renault 5 Turbo kama 165. Starlet ya beste yangu, ikiwa kwa kilo 830 na farasi 135, inacheza palepale karibu 163. Unaona? Kwa karatasi, kijana wa Nairobi na fundi mmoja wamefikia Renault iliyoshinda Monte Carlo. Hiyo ndiyo hesabu inalevya watu.

Lakini kuna hesabu nyingine, ile hakuna mtu huweka kwa video. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ambayo breki inatakiwa kuimeza inakuwa mara nne. Kutoka 60 hadi 120 si mara mbili, ni mara nne. Na breki inageuza hiyo nguvu yote kuwa joto. Ukishaenda ule mteremko wa Mai Mahiu na breki ndogo iliyoshika moto, utaelewa fizikia bila mwalimu. Uzito mdogo husaidia kusimama, kweli, lakini uzito ulipunguza kilo hamsini. Kasi imeongezeka vipi?

Sasa twende mahali hiyo njia ya "nyepesi zaidi, nguvu zaidi" iliishia.

Mwaka wa 1982 rali ya dunia ilianzisha Kundi B. Kampuni ilihitaji kutengeneza magari 200 pekee ili iruhusiwe kushindana, na sheria nyingine zilikuwa chache. Ndio maana Peugeot 205 Turbo 16 ikazaliwa, hachibeki kwa sura lakini injini iko katikati na magurudumu yote manne yanasukuma. Lancia wakajibu na Delta S4: turbo na supachaja pamoja, karibu farasi 480, uzito karibu kilo 890. Gawanya uone. Ni zaidi ya farasi 500 kwa tani. Mwili wake ulikuwa wa plastiki na nyuzi nyepesi, na matangi ya mafuta yalikuwa chini ya viti.

Machi 1986, Ureno, gari la Kundi B lilitoka barabarani likaingia kwa watu. Watazamaji watatu walikufa. Mei 2, kisiwa cha Corsica, Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteleza nje ya kona ya kushoto wakiwa kwa Delta S4. Gari ilianguka bondeni na kuwaka. Kilichobaki ni fremu ya vyuma. Toivonen alikuwa na miaka 29, na alikuwa mmoja wa madereva wakali zaidi duniani. Kundi B likapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987.

Sisemi hii kukutisha. Nasema juu watu wenye bajeti kubwa na wahandisi wengi walifika mwisho wa hiyo barabara kabla yetu, wakaturudishia habari.

Na habari nyingine waliipata hapa kwetu. Peugeot walileta ile 205 Turbo 16 Kenya, Safari Rally. Hiyo gari ilikuwa inashinda dunia, ubingwa wa 1985 na 1986 wote ni wao. Hapa haikushinda hata mara moja. Aliyeshinda 1984, 1985 na 1986 ni Toyota Celica, nzito zaidi, inasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Kwa nini? Juu barabara yetu haiulizi farasi wangapi. Inauliza utavumilia. Mawe, mashimo, matope, ng'ombe. Hachibeki ilikuja kushinda Safari baadaye, Lancia Delta Integrale mwaka wa 1988, 1989 na 1991, na hiyo ilikuwa imetoka kwa sheria mpya zilizopunguza nguvu na kudai gari iliyo karibu zaidi na ile ya dukani.

Sai Safari imerudi kwa ratiba ya dunia tangu 2021, na wote tunaenda Naivasha kula vumbi. Mwaka wa 2022 Toyota walichukua nafasi nne za kwanza na GR Yaris. Sasa Yaris ni nani? Huko Japani, mpaka juzi tu, Yaris ilikuwa inaitwa Vitz. Ndio, Vitz. Ile gari mnacheka. Toleo la barabarani la GR Yaris, la 2020, liko na farasi 261 na kilo 1,280. Boneti na milango ni ya aluminiamu, paa ni la kaboni. Yaani Toyota nao wanapunguza uzito vilevile. Lakini angalia diski za mbele: milimita 356. Zile za Mini Cooper ya 1961 zilikuwa kama 178. Mara mbili kamili. Katika hiyo miaka sitini nguvu ilipanda, uzito ukapanda ukashuka, lakini hakuna siku breki ilibaki nyuma.

Huo ndio ukurasa wa pili. Kila hachibeki kali ambayo historia inaikumbuka kwa heshima ilipewa breki na nguvu siku moja. Tukiiga nusu, hatujaunda hachibeki kali. Tumeunda Starlet ya mwalimu inayokimbia haraka kuliko inavyoweza kusimama.

So kama unaunda, na najua mnaunda, panga foleni hivi. Matairi mazuri kwanza, juu breki kubwa kwenye tairi lililoisha ni kazi bure. Breki pili, na fluidi mpya, si diski tu. Saspensheni tatu, lakini usiishushe mpaka kila tuta la estate likule tumbo. Injini ya mwisho. Ukipunguza uzito, toa vitu, usitoe usalama: mikanda ibaki, mito ya hewa ibaki. Kizimba cha chuma ndani ya gari ya barabarani, bila helmeti, ni chuma kinangoja kichwa chako. Na ambia kampuni ya bima umebadilisha injini, kabla siku utakayowahitaji.

Na jambo la mwisho, hili si la dereva. Toivonen alichagua kuingia kwa ile gari. Mama anayevuka barabara na mtoto mgongoni saa kumi na mbili jioni hakuchagua kuwa sehemu ya projekti yako. Yeye hajui umeweka turbo. Anaona Starlet, anapima umbali kwa mazoea ya Starlet, anaanza kuvuka.

Hii ndiyo kitu nilimwambia beste yangu. Hakujibu siku hiyo, alinuna. Jumamosi iliyopita akanitumia ujumbe nimpeleke Kirinyaga Road. Tulizunguka na jua kichwani mpaka saa tisa, tukapata diski na kalipa za mbele kutoka kwa Starlet ya GT, ile ambayo Toyota wenyewe walitoa na hiyo injini. Kulipa, aliuza zile rimu mpya alikuwa ameringa nazo. Gari sasa iko kwa mawe, magurudumu ya kiwandani, haina sura.

Ameniambia itawashwa mwezi ujao. Huo mwezi ujao, nimeukubali.