RISASI HAIKUMUUA PEKE YAKE: mama Eliza na mwanawe Rais Garfield

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala kidogo, sasa nina chai yangu hapa. Leo siongelei uji wa lishe wala kunyonyesha. Leo ni historia. Msikimbie! Mkifika mwisho mtaona kwa nini nesi ameamua kuwasimulia habari za rais wa Marekani aliyekufa mwaka 1881.

SEHEMU YA 1: MJANE NA WATOTO WANNE

James Garfield alizaliwa tarehe 19 Novemba 1831 katika jimbo la Ohio, kwenye nyumba ya magogo. Alikuwa kitinda mimba. Hajafikisha hata miaka miwili, baba yake akafariki. Mama yake, Eliza, akabaki na watoto wanne na shamba lenye madeni.

Wengine walimshauri auze kila kitu na kugawa watoto kwa ndugu. Akakataa. Akauza sehemu ya shamba, akalipa madeni, akabaki na wanawe. Wanawake wa namna hii tunawajua, wengine ndio waliotulea sisi.

James alipofika miaka 16 akaondoka kwenda kufanya kazi kwenye mfereji, kule mashua za mizigo zilikokuwa zinakokotwa na nyumbu wanaotembea ukingoni. Kijana hajui kuogelea, na kutumbukia majini ikawa kawaida yake. Akarudi nyumbani anatetemeka kwa homa ya malaria. Eliza akamuuguza kwa miezi. Hakumgombeza. Alipopata nafuu, mama akamwambia asirudi mfereji, aende shule, akamkabidhi akiba iliyokuwepo ndani: dola 17.

Dola 17 hizo ndizo zilizompeleka Ikulu, ukiniuliza mimi.

Baadaye alisoma huku akifagia madarasa ili apate ada. Akamaliza Chuo cha Williams mwaka 1856, akawa mwalimu, na mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, akawa mkuu wa chuo kilekile alichokuwa anakifagia.

SEHEMU YA 2: ALIAMINI NINI?

Sasa tuingie kwenye siasa kidogo, msichoke.

Garfield alichukia utumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861 alijiunga na jeshi la Kaskazini, akapanda hadi cheo cha jenerali. Inasimuliwa kwamba mtumwa mmoja alitoroka akajificha kambini kwake. Mkubwa wake akaamuru kambi ipekuliwe. Garfield akakataa kutoa amri hiyo kwa askari wake. Jeshini, kumkatalia mkubwa si jambo dogo.

Akaingia Bungeni mwishoni mwa 1863, akakaa humo miaka 17. Vita vilipoisha, wapo waliosema watu weusi wameshapewa uhuru, inatosha. Yeye akasema haitoshi, wapewe na kura. Alipoapishwa kuwa rais, tarehe 4 Machi 1881, alirudia hilo mbele ya umati: kati ya utumwa na uraia kamili hakuna mahali pa kusimama katikati. Na akasisitiza elimu, maana mpiga kura asiyejua kusoma ni rahisi kudanganywa. Yeye ndiye aliyepeleka Bungeni muswada uliozaa idara ya elimu ya taifa mwaka 1867.

Alikuwa malaika? Hapana. Jina lake liliguswa kwenye kashfa kubwa ya rushwa ya reli, akituhumiwa kupokea dola 329. Alikana. Na kura kwa wanawake hakuikubali kabisa, mtoto wa Eliza huyu! Nawaambia yote ili msidhani nawauzia mtu.

Jambo jingine lililomkera ni kazi za serikali kugawiwa kwa kujuana. Wakati ule chama kikishinda, wapambe wanapanga foleni Ikulu kudai vyeo. Garfield alikuwa anaamka asubuhi anakuta msururu mlangoni. Seneta mmoja mwenye nguvu, Roscoe Conkling wa New York, alitaka yeye ndiye aamue nani apewe ofisi ya forodha ya New York. Garfield akamgomea, akateua mtu wake. Conkling akajiuzulu kwa hasira.

Katika foleni ile alikuwemo mwanaume anaitwa Charles Guiteau. Aliamini Garfield ameshinda kwa sababu ya hotuba yake, kwa hiyo anastahili ubalozi mdogo wa Paris. Hakuwa na sifa hata moja. Walipomchoka wakamwambia asirudi tena.

Akanunua bastola.

SEHEMU YA 3: WATOTO WAWILI WALIOTANGULIA

Kabla sijafika kwenye bastola, simama hapa kidogo, mama.

Garfield na mkewe Lucretia walizaa watoto saba. Wawili wakafa wadogo. Binti yao wa kwanza, Eliza, aliyepewa jina la bibi yake, alikufa kwa dondakoo mwaka 1863. Alikuwa na miaka mitatu. Edward, mtoto wa mwisho, alikufa kwa kifaduro mwaka 1876, hajafika miaka miwili.

Baba jenerali, baba mbunge, na bado hakuweza kuwaokoa. Hakukuwa na chanjo.

Sasa fungua kadi ya kliniki ya mwanao. Ile sindano ya paja ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo mtoto anachemka usiku nawe unakesha, ndani yake imo kinga ya dondakoo na imo ya kifaduro. Yote mawili. Kitu ambacho rais hakukipata kwa pesa wala kwa cheo, wewe unakipata kliniki kwa kupanga foleni. Usiruke tarehe, tafadhali.

SEHEMU YA 4: VIDOLE

Tarehe 2 Julai 1881. Garfield amefika stesheni ya treni mjini Washington, yuko na wanawe wawili wakubwa, wanaenda mapumziko. Guiteau akatokea nyuma yake. Risasi mbili. Moja ikaparuza mkono, nyingine ikaingia mgongoni.

Sasa sikiliza kwa makini. Risasi ile haikugusa neva kuu iliyo ndani ya uti wa mgongo wala moyo. Ilipita, ikatulia upande wa kushoto, nyuma ya kongosho. Madaktari wengi wa leo wanaosoma habari hii wanaona mtu yule angeweza kupona.

Palepale sakafuni stesheni, daktari wa kwanza akaingiza kidole kwenye jeraha kutafuta risasi. Kidole hakijanawiwa. Kisha akaitwa mkubwa wao, jina lake Doctor Willard Bliss. Sikukosea: wazazi wake walimpa jina la Doctor tangu anazaliwa! Naye akaingiza chuma cha kupekulia, akaingiza kidole. Hakunawa. Na upekuzi huo haukuishia siku ile.

Utasema, zamani hawakujua. Mama, walishaambiwa. Joseph Lister wa Uingereza alishaandika tangu 1867 jinsi ya kuua vijidudu kwenye vidonda. Mwaka 1876 alikwenda mwenyewe Philadelphia kuwaeleza madaktari wa Marekani. Wengi wakaona ni mambo ya kupoteza muda. Vijidudu gani hivyo visivyoonekana?

Bliss akashika usukani, akawaondoa wengine. Daktari wa familia ya Garfield alikuwa mwanamke, Susan Edson. Alikuja kumhudumia mgonjwa wake, akaruhusiwa kubaki kama muuguzi tu. Hapo mimi roho iliniuma.

Alexander Graham Bell, yule wa simu, akatengeneza kifaa cha kutafuta metali mwilini ili risasi ionekane. Bliss alishaamua kwamba risasi iko kulia, basi akaruhusu itafutwe kulia. Kumbe iko kushoto. Tena kitanda kilikuwa na springi za chuma, zikakivuruga kifaa.

Usaha ukaanza. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda. Mtu aliyekuwa na kilo 95 hivi akabaki na kama 59. Taarifa za magazetini zikawa zinasema mgonjwa anaendelea vizuri. Tarehe 19 Septemba 1881, siku 79 baada ya risasi, Garfield akafariki. Alikuwa na miaka 49. Walipompasua wakakuta njia ndefu ya usaha mwilini, mahali ambapo risasi haikupita kabisa. Ilikuwa imeanzia kwenye upekuzi.

Mahakamani Guiteau alijitetea kwamba yeye alipiga tu, waliomuua ni madaktari. Alinyongwa mwaka 1882, na haki yake ile. Ila kauli yake mimi kama nesi inaninyima usingizi.

Mama Eliza, yule wa dola 17, alikuwa mama wa kwanza wa rais kumshuhudia mwanawe akiapishwa. Miezi sita baadaye akapokea habari ya msiba. Aliishi mpaka 1888.

SEHEMU YA 5: SASA SISI

Kifo kile kiliwaamsha Wamarekani. Januari 1883 ikapitishwa sheria ya kutoa baadhi ya kazi za serikali kwa mitihani, si kwa kujuana. Alichokitaka Garfield kikapatikana akiwa kaburini.

Lakini mimi nilichokibeba ni kingine. Chumba kile kilijaa watu. Wapo walioona mambo hayaendi sawa. Nani angemuuliza mkubwa?

Naomba niwaambie jambo langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, wodi ya wazazi, mkubwa mmoja alitoka kitanda cha pili akaja moja kwa moja kushika kitovu cha kichanga. Hakunawa. Mama wa mtoto aliona. Akanitazama mimi. Macho yale yalikuwa yananiambia, sista, sema kitu.

Sikusema. Nilikuwa mgeni, nilimwogopa.

Siku ya tano yule mama akarudi. Kitovu chekundu, kinanuka, mtoto hanyonyi. Siwezi kuapa kwamba ni mkono ule. Mtoto alipata dawa akapona, namshukuru Mungu. Ila nilienda chooni nikalia, na tangu siku hiyo nauliza. Nimeshanuniwa, nimeshaitwa mjuaji. Nauliza tu.

Kwa hiyo na wewe nakupa ruhusa. Yeyote anayekuja kumshika kichanga wako, awe mimi, awe dokta, awe mama mkwe katoka safari na zawadi zake, mwambie kwa upole: "Samahani, maji na sabuni viko pale." Shikamoo yako iko palepale, heshima haijapungua.

Kitovu kiache kikavu, usipake kitu ambacho mhudumu wa afya hakukuelekeza: si majivu, si mafuta, si dawa ya jirani. Ukiona wekundu kuzunguka kitovu, usaha, harufu mbaya, mtoto ana joto kali au amepoa isivyo kawaida, au amekataa ziwa, usisubiri asubuhi. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

Eliza alifanya yote ambayo mama anaweza kufanya. Alilea, aliuguza, alisomesha. Mwanawe akaja kufia kwenye mikono ambayo hakuna aliyethubutu kuiambia ikanawe.

Wewe thubutu. Na akikununia, mwambie nesi wa kule mtandaoni ndiye aliyekutuma.

Kesho jioni najibu maswali yenu ya kitovu na chanjo, yaacheni hapa chini. Mumbusu mtoto kwa niaba yangu. Ila kwanza mnawe!