Kejeli na Masharti Yake: Historia ya Jarida la MAD na Vibonzo Vyake vya Televisheni, 1952–2013

1.0 Utangulizi

Historia ya majarida ya kejeli huandikwa mara nyingi kama historia ya wachekeshaji. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachunguza yaliyotendeka nyuma ya pazia la jarida la MAD la Marekani, pamoja na vibonzo vya uhuishaji vilivyotokana nalo, na kudai kwamba uhuru wa kejeli hutegemea mambo matatu: aina ya chapisho, sheria ya hakimiliki na chanzo cha mapato. Kipaji cha msanii ni cha lazima, lakini peke yake hakitoshi.

2.0 Kutoka Kitabu cha Katuni hadi Jarida

MAD ilianzishwa jijini New York mwaka 1952 na mchapishaji William Gaines wa kampuni ya EC, akishirikiana na mhariri Harvey Kurtzman. Ilianza kama kitabu cha katuni cha senti 10. Mwaka 1954 Gaines alitoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Seneti iliyochunguza athari za vitabu vya katuni kwa vijana. Mwaka huohuo wachapishaji waliunda chombo chao cha kudhibiti maudhui, na kitabu kilichokosa muhuri wa chombo hicho kilikuwa na shida ya kupata wasambazaji.

Toleo namba 24, la mwaka 1955, lilitoka likiwa jarida kamili. Wengi huamini kwamba mabadiliko hayo yalikuwa mbinu ya kukwepa udhibiti. Kisa chenyewe ni cha kawaida zaidi: Kurtzman alikuwa amealikwa kufanya kazi katika jarida la Pageant, naye Gaines akamkubalia shauku yake ya kuhariri jarida ili asiondoke. Hata hivyo, matokeo yalikuwa makubwa kuliko kusudi, kwa kuwa kanuni za vitabu vya katuni hazikuyahusu majarida. Kurtzman aliondoka mwaka 1956, na Al Feldstein akashika uhariri hadi miaka ya 1980.

3.0 Mahakama, Sura na Mizani

Mwishoni mwa mwaka 1956 kijana mwenye pengo la jino, Alfred E. Neuman, alitokea kwenye jalada na kuwa nembo ya jarida. Sura hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko jarida lenyewe. Ilikuwa imetumika kwenye matangazo na kadi kwa miongo kadhaa. Mdai mmoja wa hakimiliki alilishtaki jarida, lakini mwaka 1965 mahakama ya rufani iliamua kwamba haki hiyo ilikwisha kupotea, kwa sababu nakala nyingi za picha ziliachwa zisambae bila tangazo la umiliki.

Kesi nzito zaidi ilihusu nyimbo. Mwaka 1961 MAD ilichapisha maneno ya kejeli yaliyoweza kuimbwa kwa lahani za nyimbo mashuhuri. Wamiliki wa nyimbo 25, akiwamo mtunzi Irving Berlin, walishtaki. Mwaka 1964 mahakama ya rufani ililipa jarida ushindi. Jaji Irving Kaufman alitilia shaka kwamba mtunzi, hata awe mkubwa namna gani, anaweza kudai umiliki wa mizani ya ushairi. Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufani zaidi. Msomaji aliyelelewa katika utamaduni wa malumbano, ambamo mshairi hujibu kwa bahari na vina vilevile vya mwenzake, ataona kwamba sheria ilikuwa inathibitisha jambo ambalo sanaa ilikwisha kulijua.

4.0 Majasusi Wasiosema

Antonio Prohías alikuwa mchora katuni nchini Cuba. Baada ya kuukosoa utawala mpya wa Fidel Castro na kutuhumiwa ujasusi, alihamia New York mwaka 1960. Hakuwa na Kiingereza cha kutosha; alipokwenda katika ofisi za MAD, binti yake ndiye aliyemtafsiria. Tuhuma ile aliigeuza kuwa kazi: Spy vs. Spy, kisa cha majasusi wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, kilianza kuchapishwa Januari 1961 bila mazungumzo yoyote. Jina lake alilificha katika alama za Morse.

Kukosa maneno kulikirahisishia kisa hicho safari ya kuingia kwenye uhuishaji, lakini safari yenyewe haikuwa fupi. Mwaka 1974, mauzo ya jarida yalipopita nakala milioni 2 kwa toleo, televisheni ya ABC iliagiza kipindi maalumu cha uhuishaji cha MAD, kisha haikukirusha hewani kamwe. Majasusi wa Prohías walifika kwenye skrini mwaka 1995, katika kipindi cha MADtv. Mfululizo kamili wa uhuishaji ulianza Cartoon Network tarehe 6 Septemba 2010, ukiongozwa na Kevin Shinick na Mark Marek, na ukaisha mwaka 2013 baada ya vipindi 103.

Hapa chanzo cha mapato kina uzito. Kuanzia mwaka 1957 hadi 2001 jarida halikuchapisha matangazo ya biashara, hivyo liliweza kuwadhihaki watangazaji bila kuhofia kufutiwa mikataba. Mfululizo wa uhuishaji, kwa upande wake, ulikuwa chini ya Time Warner, mmiliki wa jarida, wa Cartoon Network na wa mashujaa kama Batman. Uliwadhihaki hata mashujaa hao wa nyumbani, lakini shabaha yake ilielekea zaidi kwenye filamu na watu mashuhuri kuliko kwenye siasa na biashara.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2019 MAD iliacha kuuzwa kwenye vibanda vya magazeti na kuanza kutegemea zaidi kazi zilizokwisha kuchapishwa. Vicheko vyake vilihamia kwenye skrini. Masharti yaliyovilinda hayakuhama navyo. Hivyo, sera inayotaka kukuza uhuishaji wa kejeli haina budi kuuliza, kabla ya kuhesabu studio na vifaa, kama mwigo wa kejeli unalindwa na sheria ya hakimiliki, na kama anayelipia kipindi ndiye pia asiyetakiwa kuguswa.