Makumbusho ya Butiama na Amana za Wakurya

Msafiri atokaye Nyamwaga, akashika njia ya Tarime hata akauvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, kisha akaelekea Butiama, hulikuta huko jumba la makumbusho ambalo Mkoa wa Mara ulilingoja kwa muda mrefu. Maana Dar es Salaam ilifunguliwa makumbusho yake mwaka 1940, kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza, na Arusha ikapata ya viumbe na maumbile mwaka 1987 ndani ya boma la Wajerumani, ilhali Butiama haikufikiwa na neema hiyo hata tarehe 2 Julai 1999.

Mwalimu Julius Nyerere, ambaye jumba hilo ni ukumbusho wake, aliyezaliwa kijijini hapo mwaka 1922, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa angali hai siku ya ufunguzi, akafariki tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo. Na humo jumbani zimewekwa zawadi alizotunukiwa katika utumishi wake, pamoja na picha za zama zake.

Haki ya jumba hilo siikanushi hata kidogo, walakini nasikitika kwamba historia ya mkoa mzima haiwezi kuenea katika sira ya mtu mmoja, ajapokuwa adhimu kiasi gani. Fuvu la kale lililogunduliwa na Bibi Mary Leakey huko Olduvai, ukingoni mwa nyika za Serengeti, tarehe 17 Julai 1959, liko Dar es Salaam. Na mambo ya Wakurya wa upande wa Tarime na Serengeti, kuanzia litungu lenye nyuzi nane, ambalo mpigaji hulipiga huku akiimba sifa za mashujaa na habari za nasaba, hata ishara ya mnyama ambaye kila ukoo humheshimu, aghalabu yangali majumbani mwa wenyewe.

Hapo ndipo penye uzito. Miongoni mwa Wakurya liko baraza la wazee liitwalo inchama, ambalo shughuli zake zina siri, na si kila chombo cha baraza hilo ni halali kutazamwa na kila apitaye. Kwa hiyo lau itaazimiwa kujengwa nyumba ya sanaa, tarehe na maumbile ya upande huo, yafaa wazee hao waulizwe kabla mafundi hawajaitwa: kipi kiwekwe nyuma ya kioo, kipi kichorwe tu, na kipi kibaki kwao.