Thamani Bila Majina: Usafirishaji wa Rejista katika Itifaki ya Utatuzi wa Mbali ya GDB

GDB, programu ya kutafuta hitilafu iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 katika mradi wa GNU, ilikuja kutumika pia kukagua mashine ndogo zisizo na kioo wala diski. Kompyuta ya mhandisi hukaa upande mmoja na mashine lengwa upande wa pili, zikiunganishwa na waya wa siriali. Ndani ya mashine lengwa kijiprogramu husimamisha kazi, husoma rejista za kichakataji, yaani vihifadhi vidogo vya thamani zinazotumika wakati huo, kisha huzituma.

Ombi lenyewe ni fupi mno: $g#67. Herufi g huomba rejista zote, na tarakimu mbili za mwisho ni jumla ya ukaguzi. Katika jibu, kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili za heksadesimali. Kichakataji cha Intel cha biti 32 huwa na rejista 16 za msingi zenye baiti 4 kila moja, hivyo jibu lake ni tarakimu 128 zinazofuatana kuanzia eax, ecx, edx na ebx. Thamani 1 iliyomo katika eax husafiri kama 01000000, kwa kuwa baiti ndogo hutangulia. Hakuna jina la rejista linalotajwa popote. Nafasi ndiyo jina.

Hapo ndipo udhaifu wa mfumo ulipo. Jumla ya ukaguzi hulinda njia, hailindi maana. Herufi ikiharibika njiani, mpokeaji hujibu kwa alama ya kutoa na ujumbe hurudiwa. Lakini pande mbili zikitofautiana kuhusu mpangilio, ukaguzi wote hupita salama. Katika biti 64, GDB ilipanga rax, rbx, rcx, rdx. Mwandishi wa kijiprogramu aliyehamisha mazoea ya biti 32 humwonesha mhandisi thamani ya rcx chini ya jina la rbx, na hakuna onyo linalotolewa. Kosa la urefu lina nafuu, kwa sababu GDB hulalamika kwamba jibu limezidi. Lalamiko hilo linafahamika kwa waliokagua mfumo endeshi ndani ya QEMU wakati unapohama kutoka biti 32 kwenda 64.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa ARM. Mpangilio wake wa awali ulikuwa na rejista 16 za kawaida, nane za kikokotoo cha namba za desimali kiitwacho FPA zenye baiti 12 kila moja, rejista ya hali ya kikokotoo hicho, na ile ya hali ya kichakataji: jumla baiti 168. FPA ilitoweka katika vichakataji vipya, ila nafasi zake zilibaki. Msimbo wa OpenOCD ulilazimika kuwa na rejista bandia za FPA ili jibu litimie urefu. Baiti 100 kati ya 168, zaidi ya nusu, zilikuwa za kifaa kisichokuwepo. Kwa waya wa baudi 9600, unaopitisha takribani herufi 960 kwa sekunde, sifuri hizo zingechukua kama sehemu ya tano ya sekunde kila mashine inaposimama, isipokuwa zilipofupishwa kwa alama ya nyota, ambayo itifaki inairuhusu kwa herufi zinazojirudia. Ni vigumu kuuita mpango huo ubunifu. Ulikuwa gharama ya kutotaja majina.

Toleo la 6.7 la mwaka 2007 liliruhusu mashine lengwa kutuma kwanza maelezo ya XML yanayotaja jina na ukubwa wa kila rejista, kwa kuanzia ARM, M68K na MIPS. Ombi la g halikubadilishwa. Jibu lake liliendelea kuwa tarakimu tupu, na mashine ya ARM isiyotuma maelezo iliendelea kusomwa kana kwamba ina FPA.