Vibrio

Vibrio ni jenasi ya bakteria zinazoishi hasa katika maji ya bahari na katika milango ya mito, ambako maji baridi huchanganyika na maji ya chumvi. Zina umbo la kijiti kilichopinda kidogo na huogelea kwa msaada wa mkia mwembamba. Spishi nyingi hazimdhuru binadamu. Zinazojulikana zaidi kwa kuleta magonjwa ni tatu: *Vibrio cholerae* inayosababisha kipindupindu, *Vibrio parahaemolyticus* inayoleta kuhara baada ya kula vyakula vya baharini, na *Vibrio vulnificus* inayoweza kuingia kwenye jeraha na kusababisha kifo.

Makazi

Bakteria hizi huongezeka maji yanapokuwa na joto. Hujishikiza kwenye planktoni na kwenye magamba ya kamba na kaa. Chaza na kombe hula kwa kuchuja maji, hivyo hukusanya bakteria mwilini kwa wingi kuliko maji yanayowazunguka.

Uanuwai wa kijenetiki

Bakteria mbili za spishi moja zinaweza kutofautiana sana kwa madhara. *Vibrio cholerae* ina makundi zaidi ya 200, lakini ni mawili tu, O1 na O139, yaliyosababisha milipuko mikubwa ya kipindupindu. Jeni za sumu ya kipindupindu hubebwa na virusi vinavyoambukiza bakteria, jambo lililogunduliwa mwaka 1996. Kwa njia hiyo bakteria isiyo na sumu inaweza kuipata. Tena, mwaka 2005 ilionyeshwa kwamba *Vibrio cholerae* ikikua juu ya khitini, yaani dutu ya magamba ya kamba na kaa, huweza kuchukua DNA kutoka katika mazingira yake.

*Vibrio parahaemolyticus*, iliyotambuliwa nchini Japani baada ya watu kudhurika na chakula mjini Osaka mwaka 1950, ina hali kama hiyo: nyingi zinazopatikana majini hazina jeni za sumu ziitwazo *tdh* na *trh*, ambazo huonekana mara nyingi kwa wagonjwa. Kwa sababu hiyo kuhesabu bakteria peke yake hakutoshi kujua ukubwa wa hatari. Ni lazima jeni zichunguzwe.

Afrika Mashariki

Pandemia ya saba ya kipindupindu ilianza Indonesia mwaka 1961, ikafika Afrika mwaka 1970 na Tanzania mwaka 1974. Uchunguzi wa jenomu umeonyesha kwamba bakteria zilizoleta milipuko ya Afrika ni za ukoo mmoja, ulioingizwa barani mara kadhaa kutoka Asia.

Hata hivyo mazingira nayo yana nafasi yake. Mwaka 2015 watafiti walitoa taarifa ya kupatikana kwa *Vibrio cholerae* yenye jeni za sumu katika milango ya mito ya Tanzania. Baadaye nyingine ilipatikana katika maji, samaki na planktoni za Ziwa Viktoria, ikiwa na undugu wa karibu na ile ya wagonjwa.

Nyanda za juu haziko mbali na suala hili. Mto Ndembera, unaomwagilia mashamba ya mpunga ya Madibira katika Wilaya ya Mbarali, huingia katika bonde la Usangu na Ruaha Mkuu, ambao hujiunga na Rufiji hadi Bahari ya Hindi. Katika delta ya Rufiji maji hayo huchanganyika na ya bahari kati ya mikoko, mazingira yanayoifaa Vibrio. Kipindupindu chenyewe huenea popote maji ya kunywa yanapochanganyika na kinyesi, pwani au bara.

Kinga

Chaza, kombe na kamba wapikwe mpaka waive kabisa, na vyombo vilivyoshika wabichi vioshwe. Mwenye jeraha asiingie katika maji ya bahari. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, na choo kitumike. Mgonjwa wa kipindupindu aanze mara moja kunywa maji yenye chumvi na sukari maalumu (ORS) na kupelekwa kituo cha afya, kwani upungufu wa maji mwilini unaweza kuua kwa saa chache.